Uzito wa Upepo

Mkoa wa Singida haukosi upepo. Huvuma juu ya majabali ya mji, hukunja uso wa Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, na hutikisa vichwa vya alizeti mashambani. Si ajabu basi mtu aliyekulia huko akiudhani kuwa kitu kisicho na uzito. Lugha nayo imeisaidia dhana hiyo, kwa kuwa msemaji wa Kiswahili hakutenga jina la kitu kivumacho na jina la kitu kilichofungwa ndani ya tairi. Vyote viwili ni upepo, na breki za lori ni breki za upepo.

Kijana ajengaye roboti ya mashindano hugundua upesi kuwa dhana hiyo ni nusu ya kweli. Mashindano haya yalipata nguvu Marekani baada ya Dean Kamen kuanzisha chama cha FIRST mwaka 1989. Shindano lake la kwanza lilifanyika mwaka 1992, na mwaka 2017 vijana wa mataifa mengi walikutana Washington kwa shindano la FIRST Global. Katika mashindano mengi ya namna hii roboti hupandishwa mizanini kabla ya kuingia uwanjani, na izidiyo kipimo hurudishwa. Dereva wa lori apitaye mizani ya Njuki aijua hofu hiyo bila ya kufundishwa.

Upepo wenyewe ni mwepesi. Kizito ni nyumba yake. Kompresa, mtungi, valvu, silinda na mipira ndivyo vilemeavyo. Kijana akosaye duka la vifaa vya roboti hutazama gereji ya malori, maana huko mitambo ya upepo ipo tele. Lakini lori na roboti havifanani haja. Lori lishukalo mlima Sekenke, wilayani Iramba, halijui dereva atakanyaga breki mara ngapi. Kila akanyagapo, upepo hupungua mtungini, na kompresa hupaswa kuurudisha. Ukipungua kupita kiasi, springi iliyobanwa na upepo hujinyoosha na kulifunga gurudumu. Kwa hiyo lori huchukua mitungi mikubwa ya chuma, nayo hubeba shaka ya njia nzima. Kuwaonea choyo wapandao lori hilo kilo chache za chuma kungekuwa wazimu. Roboti haina shaka hiyo. Mchezo wake ni wa dakika chache, na idadi ya mara ambazo mkono wake utanyanyuka yaweza kuhesabiwa kabla.

Na ihesabiwe. Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 20 na mwendo wa sentimita 10, ifanyayo kazi kwa kanieneo ya baa 4, yaani msukumo wa kilo 4 hivi kwa kila sentimita mraba. Silinda hiyo husukuma kwa nguvu ya kilo 12 na ushei. Kila isukumapo hutumia sentimita za ujazo 31 za upepo ulioshindiliwa, ambao ukiachiwa huru hukaribia 160. Mtungi wa lita 1 uliojazwa hadi baa 8, ukishuka hadi baa 4, hutoa lita 4 za upepo huru. Hizo zatosha misukumo 25, ikiwa springi ndiyo irudishayo pistoni. Basi roboti yenye haja ya misukumo 8 yafanya nini na mtungi wa lita 1? Nusu lita yaitosha, na ziada ya uvujaji imo. Kanuni zikiruhusu, kompresa yenyewe, ambayo mara nyingi huzidi kilo 1, yaweza kubaki mezani baada ya kujaza mtungi. Zisiporuhusu, hapana ujanja: itabebwa.

Kijana mwoga huchagua silinda ya milimita 40 ili awe na hakika. Hupata nguvu mara nne, na hulipa upepo mara nne. Valvu iwekwayo mbali na silinda hufanya vivyo hivyo kwa siri, kwa sababu mpira mrefu nao hujazwa na kumwagwa kila mara.

Kuna hesabu moja ambayo kitabu kilichoandikwa pwani hakiitaji. Mji wa Singida uko kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ile ya Tanga. Kompresa iliyojaza mtungi kwa dakika moja huko itachelewa huku, na betri italipa.

Lakini shauku ya kupunguza uzito hufika mahali pabaya inapoingia duka la vifaa vya ujenzi. Hapo huuzwa bomba la plastiki la maji, jepesi, rahisi, tena limepigwa chapa ya kustahimili baa 10. Kijana husema: mtungi wangu ni baa 8 tu. Chapa haisemi uongo. Ilisema habari za maji. Maji hayashindiliki, na bomba lipasukapo, kanieneo hufa papo hapo. Upepo ulioshindiliwa hufumuka. Lita 1 yake katika baa 8 ina nguvu ya kutosha kuinua gunia la kilo 100 kimo cha mita moja, na plastiki hiyo, hasa iliyokaa juani, huvunjika vigae virukavyo usawa wa macho. Mtungi uliotengenezwa kwa ajili ya upepo, na valvu ya usalama juu yake, havimo katika orodha ya vipunguzwavyo.

Abakiaye na shaka kwamba uzito uko wapi na apime mtungi wa lita 1 katika mizani ya maabara, kwanza mtupu, kisha umejazwa hadi baa 8. Tofauti ni gramu 9 hivi.