Kanzu ya Mwanangu na Doa la Damu



Ndugu zangu wanafunzi na wazazi wenzangu, walimu wameniomba niandike machache juu ya usafi wa nguo nyumbani. Mimi si mtaalamu. Ni mama wa watoto wanne hapa Tanga, asubuhi nauza vitumbua, na nguo nafua usiku. Mengi nimefunzwa na marehemu mama yangu. Moja nimefunzwa na kosa langu mwenyewe, nami nitaanza na hilo.

Usiku wa kuamkia khitma ya madrasa, mwanangu wa pili alitokwa na damu ya pua, ikachafua kanzu yake nyeupe. Hakuwa na nyingine. Kwa haraka zangu nikaimwagia maji ya moto. Kumbe maji ya moto huigandisha damu ikashika kwenye nyuzi! Nikafikicha kwa sabuni, nikasuuza mara tatu, likabaki doa la rangi ya kutu. Nikajiambia, hii bado ni najisi, ataswalia vipi?

Nikaitia kwenye beseni lenye dawa ya klorini, kisha nikaongeza siki, nikidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Nilikuwa bafuni, mlango nimeufunga. Mara macho yakaniwasha na kifua kikabana. Mtoto aliposikia nakohoa akafungua mlango aingie. Nikamkamata mkono, tukakimbilia uani tukihema. Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu alitusalimisha. Baadaye muuguzi jirani yetu alinieleza kwamba klorini ikichanganywa na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi, hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu.

Asubuhi nilikwenda kwa ustadhi kumwombea mtoto ruhusa ya kuvaa shati. Akaniuliza, "Mama, ulifua kwa maji mpaka damu yenyewe ikaondoka?" Nikajibu, "Naam, ustadhi, ilibaki rangi tu." Akasema, "Basi ilikwisha twahirika pale pale." Akanikumbusha mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yaliyopokewa na Bibi Asmaa bint Abubakar (R.A.), kwamba nguo iliyoingia damu hukwanguliwa, ikafikichwa kwa maji, ikasuuzwa, kisha ikaswaliwa. Rangi iliyokataa kutoka baada ya jitihada imesamehewa.

Niliona haya. Nilihatarisha roho ya mwanangu kwa ajili ya doa ambalo dini ilikwisha kunisamehe.

Tangu siku hiyo nafuata haya, nanyi myajaribu:

1. Damu: maji baridi mapema, kabla haijakauka, kisha sabuni.

2. Shuka yenye mkojo: itoe mkojo kwa maji kwanza. Klorini isikutane na mkojo, nao pia hutoa hewa mbaya. Na kwa sisi Mashafii, nguo yenye najisi haitumbukizwi ndani ya maji machache, kwani maji yote hunajisika. Ondoa najisi yenyewe, kisha imiminie maji juu yake.

3. Mafuta ya pilau: nyunyiza unga, uache unyonye, kung'uta, kisha fua kwa sabuni.

4. Kutu kwenye nguo nyeupe: paka ndimu na chumvi, anika juani, kisha suuza vizuri.

5. Masizi ya sufuria: majivu na kumbi la nazi.

6. Chokaa ndani ya birika: chemsha maji na siki kidogo, liache lipoe, suuza.

7. Nguo nyeupe zianikwe juani. Za rangi zigeuzwe ndani nje, zianikwe kivulini zisipauke.

8. Dawa ya klorini itumike peke yake na maji baridi, madirisha wazi, na iwekwe mbali na watoto. Isitiwe kwenye chupa ya soda hata siku moja.

Nanyi wanafunzi, msimwachie mama kila kitu. Kofia na soksi zako unaweza kuzifua mwenyewe ukisubiri adhana ya Magharibi. Atakayechafua nguo aseme mapema, asiifiche chini ya kitanda, maana doa bichi ni kazi ya dakika moja, na doa kavu ni kazi ya usiku mzima.

Kanzu ile mwanangu aliivaa miaka miwili zaidi, doa lake hafifu kifuani, akaswalia na kusomea Qur'ani. Sasa anaivaa mdogo wake.

Wabillahi tawfiq.