Mji Uliokuwa na Bendi Mbili

Nimekulia Morogoro wakati ambao muziki wa maana wote ulikuwa wa kwingine. Redio ikiwashwa ni Mlimani Park, OSS, Vijana Jazz, Juwata, zote za Dar es Salaam. Ukipanda basi la Dar, dereva anapiga kanda za Wakongo mpaka unashuka. Harusini hivyo hivyo. Sisi watoto wa Mwembesongo tulijivunia mji wetu kwa mambo mengine kabisa: milima ya Uluguru, mboga na ndizi ambazo akina mama waliziteremsha kichwani alfajiri, viwanda, na lile jina la utani ambalo mgeni haondoki bila kulisikia, mji kasoro bahari. Kwamba mji huu uliwahi kuwa na bendi mbili kubwa kwa wakati mmoja, na santuri zake zikachezwa Mombasa na Nairobi, hakuna aliyetuambia. Shuleni tulifundishwa nyimbo za mchakamchaka na za Mwenge. Hizi za kwetu hazikuwamo.

Habari ilinifikia kupitia redio. Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, walikuwa na kipindi cha zilipendwa, na jioni moja mtangazaji akataja Morogoro Jazz Band. Mtoto ukisikia jina la mji wako likitajwa na mtu aliyeko Dar es Salaam, lazima uinue kichwa. Mjomba alikuwa amekaa barazani na kahawa yake. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye kauli nyumbani, na ukitaka kujua jambo la zamani unamuuliza yeye.

"Mjomba, huyu ni nani?"

"Huyo Mbaraka," akasema. Kisha, baada ya kumeza funda: "Lakini sisi tulikuwa Cuban."

Hakuongeza neno. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ndani ya sentensi zile mbili fupi alikuwa ameniambia karibu kila kitu: kwamba kulikuwa na pande mbili, kwamba mtu alikuwa na upande wake, na kwamba upande huo hauachwi hata bendi yenyewe ikifa.

Karibu na soko kuu kulikuwa na fundi wa kurekodi kanda. Vijana wa leo hawakuiona biashara ile, basi nieleze. Chumba chake kilikuwa kidogo, ukuta mzima umepangwa kanda, deki mbili zimeunganishwa kwa waya, na juu ya meza kuna daftari la kaunta lenye majina ya nyimbo, kila moja na namba yake. Unaleta kanda yako tupu, ya dakika 60 au 90 kulingana na uwezo, unamwandikia namba unazotaka kwenye kikaratasi, unalipa nusu, unarudi kesho yake. Alikuwa na tabia nzuri ambayo sitaisahau: dakika mbili tatu zikibaki mwisho wa upande, hakuziacha tupu, aliweka wimbo aliouchagua yeye. Nyimbo nyingi nilizozipenda maishani nilizipata kwa njia hiyo, mwishoni mwa upande A, zikikatika katikati ya gitaa.

Nilipomwambia nataka Mbaraka Mwinshehe, alinitazama umri wangu kwanza, kisha akashusha kanda za Ukumbusho. Huo ni mfululizo uliotolewa na Polydor ya Kenya baada ya Mbaraka kufariki. Za fundi wetu zilikuwa nakala ya nakala, zikichakaa kila zilipopita kwenye deki. Nilianza kusikia mchakacho, halafu gitaa.

Gitaa la solo la Mbaraka haliingii kwa kishindo. Mwanzoni linakaa chini ya sauti za waimbaji, linawajibu kwa noti chache wanapovuta pumzi, kama mtu anayeitikia hadithi. Waimbaji wakimaliza beti zao ndipo linachukua uwanja. Linakamata kipande kimoja kifupi, linakirudia, linakigeuza kidogo, linakirudia tena, na saksafoni zinasukuma kwa nyuma mpaka unasahau kwamba wimbo ulianza na huzuni. Nilikuwa nimezoea sebene la Kikongo, lenye magitaa matatu yanayofukuzana. Hapa gitaa moja lilitosha, na lilizungumza taratibu, kwa mwendo ambao niliutambua kabla sijajua kwa nini. Ni mwendo wa watu wa kwetu wakisimulia.

Kutoka hapo nikaanza kukusanya habari kipande kwa kipande, kwa wazee na kwenye magazeti. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka. Aliingia katikati ya miaka ya 60, akiwa bado kijana, na muda si mrefu bendi ikawa inajulikana kwa jina lake kuliko kwa jina la mji. Mwaka 1970 walikwenda Japani kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Expo 70, na Mbaraka akatunga wimbo wa safari hiyo. Hebu fikiria: bendi ya mji wa mkoani, kutoka chini ya Uluguru, inapanda ndege kwenda Osaka kuiwakilisha nchi. Mwaka 1973 aliondoka na kuanzisha Super Volcano. Januari 1979 alipata ajali ya gari Mombasa akafariki, akiwa na miaka 34, wakati wimbo wake wa Shida uko midomoni mwa watu wa Kenya nzima.

Kati ya nyimbo zote ulioniweka chini ni ule wa Dk. Klerruu. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Wilbert Klerruu, aliuawa siku ya Krismasi mwaka 1971 katika mvutano wa mashamba na vijiji vya ujamaa. Shuleni tukio hilo lilikuwa aya moja ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Kwenye wimbo ni msiba wa mtu. Nilielewa siku hiyo kwamba bendi ya dansi ilikuwa pia gazeti la watu wasionunua gazeti, na kwamba waliokuwa wakicheza ukumbini Jumamosi walikuwa wakicheza na kuomboleza kwa wakati mmoja.

Cuban Marimba, ile Cuban ya mjomba, ilikuwa kazi ngumu zaidi. Fundi wa kanda alikuwa na nyimbo chache za wakati bendi ikiongozwa na Juma Kilaza, lakini nilipomtajia Salum Abdallah, mwanzilishi wake, akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya santuri, mwanangu. Santuri zenyewe ziko kwa nani sasa?" Kweli, ziko kwa nani? Nilizunguka kwa wazee niliowajua. Mmoja alikuwa na gramafoni iliyokufa na santuri tatu zilizopinda kwa joto la bati. Nyingine zote alikuwa amezigawa, zimevunjika, au wajukuu wamezirusha kama visahani.

Katikati ya utafutaji huo likaja jambo lililonisaidia kutoka upande nisioutarajia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bongo Flava ilikuwa imeshika nchi, na Afande Sele akatoka Morogoro. Hakuficha alikotoka, aliutaja mji, aliishi mjini, ungeweza kukutana naye barabarani. Mwaka 2004 aliposhinda taji la Mfalme wa Rhymes, sisi tulishangilia kama timu imechukua ubingwa. Baadaye wakaja Belle 9 na Stamina, watoto wa hapa hapa, na leo kijana wa Kihonda haoni ajabu kwamba msanii anayemsikia redioni ni jirani. Kwangu mimi ilikuwa ajabu. Afande Sele alinipa hamu ya kurudi nyuma, kwa sababu mtu akishajua kwamba mji wake unaweza kuimba, anaanza kuuliza uliimba nini kabla hajazaliwa.

Salum Abdallah nilimpata Dar es Salaam, kwa rafiki, kwenye sidii iliyotengenezwa Ujerumani. Ilitolewa na Dizim Records kwa jina la Ngoma Iko Huku, ina nyimbo za mwaka 1955 hadi 1965, na ndani yake kijitabu kinachosimulia maisha yake. Nilikaa sakafuni sebuleni kwa watu nikasoma habari za mtu wa Morogoro kwenye kijitabu cha Kizungu, na nasema wazi kwamba nilisikia furaha na uchungu pamoja. Furaha kwa sababu kuna watu walijali wakahifadhi. Uchungu kwa sababu umbali kutoka Mwembesongo hadi alikokuwa akiishi Salum Abdallah unakwenda kwa miguu, na mimi nilimfikia kupitia Ujerumani.

Alizaliwa mwaka 1928. Siku hizo santuri za GV, zenye muziki wa Kuba, zilikuwa zimeenea mpaka miji ya reli, na kijana Salum alizipenda kiasi kwamba, kama inavyosimuliwa, alitoroka nyumbani akafika Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Kuba kwenyewe. Meli hakuipata. Akarudi Morogoro, na mwaka 1948 akaanzisha bendi ambayo ndiyo ikawa Cuban Marimba. Ukiisikiliza unaona alichokifanya: mapigo ni ya Kuba, chacha na rumba, manyanga yanatembea, lakini juu yake kuna Kiswahili kilichonyooka, cha mtu anayejua kumpa shauri mwenzake, kumsifu mpenzi na kumkebehi mkoloni bila kupoteza adabu. Kuba hakufika, akaifanya Kuba ije Morogoro. Mwaka 1965 naye akafariki kwa ajali ya gari. Mji mmoja, bendi mbili, na vinara wote wawili waliondolewa na barabara.

Tangu siku hiyo swali lililonikaa ni hili: kwa nini vitu vyetu vilikwenda mbali hivi? Jibu halina siri. Morogoro haikuwa na studio, na nchi nzima haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Salum Abdallah alirekodiwa na lebo ya Mzuri, ya wafanyabiashara wa Mombasa. Mbaraka alirekodi kwa kampuni za Nairobi. RTD nao walirekodi bendi nyingi za mikoani, kazi kubwa na ya kushukuriwa, lakini walirekodi kwa ajili ya matangazo, na kanda zikabaki kwenye rafu za Dar es Salaam. Muziki ulipigwa kwetu, ukahifadhiwa kwa wengine. Tabora ni hivyo hivyo na Tabora Jazz na Nyanyembe, Tanga na Atomic na Jamhuri. Halafu likaja jambo la mishahara. Tangu NUTA Jazz ianzishwe mwaka 1964, mwanamuziki aliyechukuliwa na bendi ya chama au shirika Dar es Salaam aliajiriwa, akapewa vyombo, akalipwa mwezi ukiisha. Bendi ya mkoani iliishi kwa kiingilio cha mlangoni. Nani angebaki?

Siku hizi nyimbo zote hizo ziko kwenye intaneti. Zile nilizozitafuta ujana wangu wote, mpwa wangu anazifungua kwa simu akiwa amelala. Sina kinyongo, nashukuru. Safari moja niliporudi nyumbani nilimkuta mjomba barazani pale pale, macho yamepungua nguvu lakini masikio mazima. Nikamwekea Cuban Marimba ya Salum, sauti ya simu juu kabisa. Hakusema kitu mpaka waimbaji walipoingia, ndipo akaingia nao. Hakuimba sauti ya Salum. Aliimba ya pili, ile ya chini, mstari kwa mstari, bila kukosea mahali pa kupumua. Nikajua kwamba huyu hakuwa mtazamaji tu wa mlangoni.

"Mjomba, uliwahi kuimba na hawa?"

"Mazoezini," akasema. "Walikuwa wanaacha dirisha wazi. Sisi tulikuwa nje tunaitikia, na wao wanatusikia. Siku tukikosea, Salum anasimamisha bendi, tunaanza wote upya."

Hapo ndipo jirani yake, mzee wa reli aliyestaafu, aliposogeza kiti kutoka upande wa pili wa ua akataka Morogoro Jazz ipigwe, maana haki haijatendeka. Yeye ni Moro Jazz tangu ujana. Nikaiweka. Wakaanza. Mmoja anasema Mbaraka alimpita kila mtu kwa gitaa. Mwingine anasema gitaa bila mtunzi ni kelele. Mmoja akakumbusha Osaka, mwingine akauliza nani aliutangulia mji huu kujulikana. Waliitana kwa majina ya vijana, wakagombana kwa sauti za vijana, na wajukuu wakaacha mchezo wakaja kusikiliza.

Wakanitaka nitoe hukumu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye simu. Nikawaambia ukweli wangu: kwa gitaa Mbaraka hana mwenzake, lakini nikipewa jioni moja tu ya kurudi nyuma, nitakwenda kusimama chini ya lile dirisha la Cuban. Mzee wa reli hakukubali. Amesema kesi haijasikilizwa vizuri, kwa sababu Juma Kilaza hajaitwa, na niende na nyimbo zake zote nitakaporudi. Nimeshazipakua.