Ukifika Garsen, Uliza Habari za Mgonjwa

Ukitoka Malindi alfajiri kwa basi la Lamu, msomaji, vichaka vikavu vitakusindikiza kama kilomita 110 hadi Garsen. Hapo utaukuta Mto Tana, ule unaotoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukielekea kumwaga maji yake Bahari ya Hindi huko Kipini. Shuka ujinyoshe. Nunua maembe au ndizi za Wapokomo wanaolima kandokando ya mto, na uwatazame ng'ombe wa Waorma wakipelekwa kunywa maji.

Usisahau kuuliza habari za mgonjwa. Maana yule aliyeugua saratani, na ambaye hospitali kubwa ya mjini haina tena la kumponya, hurudi kwa watu wake. Maumivu naye hurudi nayo. Je, nani atayatuliza?

Dawa ipo. Mofini ya unga huchanganywa na maji, mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na ile ya Kampala 1993. Mwaka 2004 kikaundwa chama cha bara zima cha tiba hii, makao yake Kampala. Wataalamu wa nchi mbalimbali walishirikiana kutunga maswali kumi: saba ya mgonjwa, matatu ya jamaa anayemuuguza. Kila jibu hupewa alama, kutoka sufuri hadi tano. Asiyejua kusoma anaweza kuonyesha kwa mkono: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali kupita yote.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Haya, uji asiulizwe. Lakini maumivu sharti aulizwe, kwani hakuna mwingine ayajuaye.

Faida ya maswali hayo ni kwamba muuguzi wa Kampala na wa Nairobi wanaweza kulinganisha majibu na kufundishana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Hata hivyo, Garsen ina maswali yake yenyewe. Tana ilipofurika wakati wa El Nino ya 1997, na tena 2023, maji yalizingira vijiji na kukata barabara. Siku kama hizo, chupa ya mofini itavukaje? Mfugaji anayehama kutafuta malisho atafuatwa wapi? Na bibi asemaye Kipokomo au Kiorma pekee ataulizwa kwa lugha gani?

Majibu hayako chuoni. Anayo muuguzi wa zahanati, anayo mwenye mtumbwi, anayo mama aliyekesha na mumewe. Hao pia ni watafiti, ila hawajaitwa mkutanoni.

Basi wewe mwanafunzi, ukija siku moja na karatasi zako za maswali, rudi tena uwaeleze wenyeji ulichokigundua. Usichote maji ya watu ukaondoka na mtungi.