Nyonga Mpya ya Nyanya

Wahenga walinena kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilidhani methali hiyo iliwahusu wazazi peke yao. Sikujua kuwa ingefika siku ambapo mimi, mwana mwenyewe, ningemchelea nyanya yangu kulia, nusura nimlemaze kwa huruma yangu. Msomaji mpendwa, tega sikio nikusimulie.

Nyanya yangu, ambaye nyumbani tunamwita Cucu, ana umri wa miaka 71. Sisi ni wakazi wa milima ya Murang'a, upande wa majani chai. Huku kwetu hakuna tambarare. Ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka. Katika miteremko hiyo Cucu alijulikana kwa kuchuma chai. Alfajiri na mapema alikuwa shambani, kikapu mgongoni, na majani yalipopelekwa kwenye kituo cha kununulia, yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika. Mimi nilipewa jina la marehemu babu, kwa hivyo kulingana na desturi yetu yeye huniita "mume wangu". Wenzangu darasani waliposikia hayo walinicheka hadi mbavu zikawauma, lakini nimezoea.

Maumivu yalianza kama mchezo. Mwanzoni Cucu alichechemea tu akipanda mlima. Baadaye akawa anaamka usiku akiugua. Alijipaka dawa za kila aina na kumeza vidonge vya dukani, wapi! Miaka miwili hakuonekana tena kule kituoni. Hatimaye alipelekwa hospitalini, na daktari akatuonyesha picha ya eksirei. Alitueleza kuwa gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ilikuwa imelika. Mfupa ulikuwa ukisagana na mfupa mwenzake kama jiwe na jiwe. Dawa ingetuliza maumivu kwa muda, lakini haingerudisha gegedu iliyokwisha.

Baba aliuza mtamba wetu mmoja. Ami zangu wakatoa walichokuwa nacho, na majirani wakachanga. Mwezi wa Januari mwaka wa 2025, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, Cucu akafanyiwa upasuaji wa kubadilishwa nyonga katika hospitali moja kubwa.

Labda utajiuliza, nyonga hubadilishwaje? Hata mimi nilijiuliza. Ncha ya juu ya mfupa wa paja ni mviringo kama mpira, nayo hukaa ndani ya shimo la mfupa wa nyonga mfano wa kikombe. Madaktari huikata ncha iliyoharibika, wakatia mahali pake tufe lenye mpini unaoingia ndani ya mfupa wa paja, kisha wakatia na kikombe kipya. Nimesoma kwamba daktari Mwingereza, John Charnley, ndiye aliyefanikisha njia hii mwaka wa 1962 katika hospitali ya Wrightington, kwa kutumia tufe la chuma na kikombe cha plastiki. Nilipomweleza Cucu hayo, alitikisa kichwa akasema, "Basi sasa mimi ni nusu mtu, nusu gari."

Siku iliyofuata upasuaji tulishangaa kumkuta amesimamishwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole kwa sura lakini mkali kwa kazi, alikuwa amemshikisha kifaa cha chuma chenye miguu minne cha kutembelea. Cucu alikibandika jina la "Punda". Mama alimwuliza yule dada kama haingekuwa vyema mgonjwa apumzike kwanza hata wiki moja. Dada akajibu, "Mama, kulala sana ndiko kubaya. Damu inaweza kuganda miguuni, na msuli usiofanya kazi hunyauka."

Kabla ya Cucu kuruhusiwa kwenda nyumbani, tulipewa masharti. Kwa wiki 12 asikunje nyonga kupita pembe mraba. Asipandanishe miguu. Asiupindue mguu kuelekea ndani. Alale na mto katikati ya miguu. Mkongojo, atakapofikia kuutumia, aushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Na penye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, ule uliopasuliwa utangulie kushuka.

Aisee, masharti hayo ni rahisi mjini kwenye viti virefu na choo cha kukalia. Kwetu sisi yalikuwa mtihani! Cucu alizoea kukaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, na kigoda hicho hakifiki hata magotini. Choo chetu ni cha shimo, yaani cha kuchutama, na kuchutama kulikatazwa kabisa. Ikabidi fundi wa kijijini atengeneze kiti cha mbao chenye tundu katikati, akakiweka juu ya shimo. Kigoda nacho nikakificha darini ili Cucu asije akasahau akakikalia.

Mama na baba hutoka asubuhi kwenda kutafuta riziki. Mimi, kwa kuwa ni mwanafunzi wa kutwa, ndimi niliyepewa kazi ya mazoezi. Yule dada alinipa daftari, akapiga mistari. Kukunja na kukunjua vifundo vya miguu. Kukaza misuli ya paja na kuhesabu hadi tano. Kuburuta kisigino kitandani polepole. Kusimama ukishikilia meza na kuinua mguu upande, halafu nyuma. Mwisho kutembea na Punda. Kila zoezi likifanywa, nitie alama ya vema.

Wiki ya kwanza nilitia bidii ya mchwa. Wiki ya pili mambo yakaanza kwenda mrama. Jioni moja tulikuwa kwenye zoezi la kuinua mguu upande. Cucu aliinua mara tatu, kisha nikaona machozi yakimtiririka.

"Mume wangu, si tupumzike leo? Nimechoka."

Ningejibu nini? Mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga analia mbele yangu kwa sababu yangu! Nikampangusa machozi, nikamwambia, "Sawa, Cucu. Tutafanya kesho." Halafu nikalifungua daftari. Nilijua mama angelikagua akirudi. Nikatia vema kwenye mistari yote.

Ndugu msomaji, uongo ni kama ndezi, ukimfuga mmoja watazaana. Kesho yake Cucu hakulia, ila nilimwona amekunja uso nikasema mwenyewe, "Tuache." Keshokutwa kulikuwa na kandanda, kidato cha tatu dhidi ya cha nne, nikafika nyumbani giza likiingia. Nikatia vema. Nyumbani nako kila mtu alikuwa mwema. Cucu akitaka maji, aletewe. Akitaka jua, kiti kibebwe na yeye ashikwe huku na huku. Majirani waliokuja kumjulia hali walisema, "Keti tu, nyanya, umefanya kazi ya kutosha duniani." Naye akaketi. Punda akawa wa kuanikia nguo.

Baada ya wiki sita tulirudi kliniki. Tulimketisha kwenye kiti cha mbele cha matatu, mto chini yake, mimi na mama tukakaa nyuma. Yule dada alilipokea daftari akalifungua ukurasa baada ya ukurasa. Vema, vema, vema. "Hongera, kijana!" akaniambia. Mama akatabasamu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kisha akamwambia Cucu ashike meza, asimame kwa mguu uliopasuliwa peke yake. Cucu alijaribu. Nyonga ya upande wa pili ikashuka, mwili ukayumba, na kama yule dada hangekuwa ameweka mikono tayari, angeanguka. Chumba kikawa kimya. Dada alilitazama daftari, akanitazama mimi. Kabla sijafungua kinywa, Cucu akasema, "Usimlaumu mtoto. Mvivu ni mimi."

Alijua! Siku zote hizo alikuwa ananiona nikitia alama za uongo. Alinyamaza ili nisigombezwe, kama nilivyonyamaza ili asilie.

Nilikiri yote pale pale, sauti ikitetemeka. Mama aliinamisha kichwa; nadhani alikuwa akimkumbuka yule mtamba. Yule dada hakunikaripia. Alisema tu, "Msuli hausomi daftari. Daktari ametia nyonga mpya, kazi yake imekwisha. Misuli ya kuishikilia hakuna anayeweza kuitia. Inatiwa na mwenyewe." Akatueleza kuwa uchovu na maumivu kidogo wakati wa zoezi ni mambo ya kawaida. Maumivu yakidumu hadi kesho yake, tupunguze. Lakini akiona shavu la mguu limevimba na kuuma, au kidonda kinatoa maji, au ameshindwa ghafla kuukanyagia mguu, tusingoje, twende hospitalini mara moja.

Njiani kurudi hakuna aliyesema neno. Tulipofika nyumbani, Cucu aliagiza daftari. Akashika kalamu kwa mkono wake uliozoea kuchuma, akasema, "Kuanzia leo alama natia mimi. Wewe mume wangu, kazi yako ni kuhesabu. Nikilia, hesabu tu."

Na kweli alilia. Siku nyingine alinitukana kwa maneno ambayo mhariri wa jarida hili hawezi kuyakubali. Mimi nilihesabu. Moja, mbili, tatu... hadi kumi. Nilikuwa nikitazama ukuta ili nisimwone uso. Kama hatukufanya, mstari uliachwa mtupu, na mama akiuliza tulisema ukweli. Nyumbani tukakubaliana kuwa Cucu asiletewe kitu anachoweza kukifuata mwenyewe. Jirani mmoja alituona tukimwacha aende kuchukua kikombe chake akasema hatuna utu. Ilituuma, lakini hatukubadilika.

Kutembea tulikupima kwa miti. Kwanza kutoka mlangoni hadi mparachichi. Baada ya siku chache, hadi langoni. Kisha hadi kwa jirani, ambako kuna mteremko mfupi. Daktari alipompima na kumkubalia, Punda alistaafishwa, Cucu akashika mkongojo. Aprili, shule ilipofungwa, tulikuwa tukitoka mara mbili kwa siku. Mvua ya masika ikinyesha njia yetu huwa kama imepakwa sabuni, kwa hivyo siku hizo alitembea barazani, huku na huko, kuku wakimtazama.

Siku moja nilijaribu kumtia moyo. Nikamwambia kuwa mchezaji tenisi Andy Murray wa Uingereza alipasuliwa nyonga Januari mwaka wa 2019, ncha ya mfupa wake ikavikwa kifuniko cha chuma, na Oktoba mwaka huo huo akashinda mashindano kule Antwerp, Ubelgiji.

"Huyo ana umri gani?" Cucu akauliza.

"Wakati huo alikuwa na miaka 32."

"Na alikuwa na mlima kama huu wetu?"

Sikuwa na jibu. Tukaendelea kupanda.

Basi siku ya siku ikafika. Ilikuwa Juni, mwezi wetu wa baridi na ukungu, siku ya Jumamosi. Cucu alivaa sweta lake jipya, akajifunga kitambaa kichwani, akasema anakwenda kituoni. Kutoka kwetu hadi kituo cha majani ni kama kilomita moja, nusu yake kupanda. Mimi nilibeba kikapu cha mama cha majani, Cucu akabeba mkongojo wake. Tulipumzika mara tatu. Kila nilipompa mkono aliupiga kwa mkongojo. "Hesabu," alisema, "usinishike."

Tulipotokeza kwenye kona, akina mama waliokuwa wakichambua majani waliacha kazi. Mmoja alipiga kigelegele, wengine wakapokea, mpaka karani wa mizani akatoka nje kuona kuna nini. Cucu alisimama wima, miguu yote miwili chini, akawaamkua mmoja mmoja kwa majina. Kisha akageuka akaniambia, "Sasa unaweza kupangusa machozi." Hapo ndipo nilipogundua kuwa anayelia ni mimi.

Sitaki kukudanganya tena, msomaji, kwa maana uongo umekwisha kunifunza adabu. Cucu hajarudi kuwa kama zamani. Haruhusiwi kubeba mzigo mzito, kuruka wala kuchutama, na kigoda chake bado kiko darini. Kuchuma kwenye mteremko amewaachia wengine, jambo ambalo humkera. Lakini usiku analala usingizi wa pono. Choo anakwenda mwenyewe, kituoni anakwenda mwenyewe, na mazoezi bado anafanya kila jioni, ingawa hakuna anayemkagua.

Kwenu wanafunzi wenzangu, najua wengi wetu tuna wazee nyumbani. Ukiachiwa mgonjwa, usiwe mwepesi wa kusema "tufanye kesho" eti kwa sababu unampenda. Mpende, lakini hesabu. Hata sisi na vitabu vyetu ni vivyo hivyo: twaweza kutia vema mahali ambapo hatukufanya kazi, na mwalimu asijue, na mzazi asijue. Siku ya kusimama kwa mguu mmoja mtihani utajua.

Lile daftari bado ninalo. Kurasa za mwanzo zina vema zangu, nzuri, zimenyooka, na zote ni za uongo. Zinazofuata zina alama za Cucu, zimepinda kama njia zetu za mlimani, na katikati yake kuna mistari mitupu. Hizo ndizo zilizomfikisha kituoni.