Ramani Bila Muhuri

Mtu wa kwanza niliyemwona akisanifu jengo hakuruhusiwa kujiita msanifu. Alikuwa mjomba wangu, mzaliwa wa Nunguni kama mimi, na kufikia miaka ya 1970 michoro yake ilikuwa imesimama kwa mawe na saruji katika mitaa kadhaa ya Nairobi. Hakuna jengo hata moja lililobeba jina lake.

Nunguni ya wakati huo ilikuwa Wilaya ya Machakos. Makueni ilikatwa baadaye, 1992. Aliyetaka kwenda Nairobi aliiteremka milima ya Kilungu hadi Salama, akasubiri basi kwenye barabara ya Mombasa. Niliiteremka mwaka 1971, baada ya kidato cha nne, mjomba akaniombea kazi katika ofisi ya wasanifu alikofanya kazi. Nikawa mnakili wa ramani. Unatandaza karatasi angavu juu ya mchoro wa penseli na kuufuata mstari kwa mstari kwa kalamu ya wino. Ukikosea hufuti kwa raba, unakwangua kwa wembe polepole, kisha unalainisha mahali pale kwa ukucha ili wino usitambae. Mashine ya nakala ilitumia amonia, na ikiwashwa kila mtu alitokwa na machozi.

Jumba la mikutano la KICC lilikuwa linapanda siku zile, orofa 28. Mchana tulitoka kulitazama. Lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, na sisi watu wa Ukambani jina hilo la pili tulilitamka kwa sauti. Mutiso alikuwa amesomea usanifu Sheffield, Uingereza. Mjomba alimheshimu sana, ila kila alipomtaja alinyamaza kidogo, maana yeye Sheffield hakufika.

Alianza kama mwashi. Akapitia Kabete, pale serikali ya kikoloni ilipofunza mafundi Waafrika tangu 1924, na Kenya Polytechnic ilipofunguliwa 1961 akawa mwanafunzi wa jioni. Asubuhi mkubwa wetu Mzungu alimletea wazo lililochorwa haraka upande wa pili wa bahasha. Siku chache baadaye lilikuwa nyumba kamili, yenye msingi, ngazi, lenta, mabomba, kona ya choo na mteremko wa paa. Mkubwa aliipitia, akasahihisha hapa na pale, akatia sahihi na muhuri.

Nisieleweke vibaya. Muhuri una kazi yake: jengo likiwaangukia watu, lazima ajulikane wa kuulizwa. Ndiyo maana tangu miaka ya 1930 Kenya imekuwa na sheria, leo Sura ya 525, inayomkataza asiyesajiliwa na Bodi ya usajili wa wasanifu kufanya kazi kwa jina la msanifu majengo. Sheria hiyo sina neno nayo. Kilichoniuma ni mlango wa kuifikia Bodi.

Mkubwa wetu mwenyewe hakuwa na shahada, wala hakuficha. Uingereza ya ujana wake ilimruhusu kijana kuingia ofisini akiwa mwanagenzi, asome usiku, kisha afanye mitihani ya nje ya RIBA, chama cha kifalme cha wasanifu. Akifaulu ni msanifu. Mjomba alipanga kupita njia hiyo hiyo, na chini ya kitanda chake Makadara kulikuwa na sanduku la masomo ya posta kutoka London. Lakini mwaka 1958 wakubwa wa fani hiyo walikutana Oxford, wakaamua kwamba usanifu ufundishwe vyuo vikuu, na kwamba njia ya uanagenzi na posta ififishwe. Nairobi nayo ilishika mwelekeo huo. Royal Technical College iliyofunguliwa 1956 ilikuwa na idara ya usanifu, na chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Ngazi ambayo Wazungu walikuwa wameipanda iliondolewa ukutani Mwafrika akiwa ndio kwanza ameishika.

Jambo la ajabu ni kwamba mwashi aliyebaki mwashi alikuwa na njia. Alifanya jaribio la serikali la ufundi, akaanza Gredi ya Tatu, akapanda hadi ya Kwanza, na hakuna aliyemwuliza alisoma wapi. Aliulizwa kama ukuta umesimama wima. Mjomba alipoacha mwiko akashika kalamu, alijiondoa kwenye njia hiyo akaingia mahali pasipokuwa na nyingine.

Mwaka 1974 wazee wa kwetu waliamua kujenga shule ya harambee karibu na soko. Wakamwita. Alichora madarasa yakishuka mlima kwa hatua, kila moja juu ya msingi wake, yakifuata matuta ya mashamba, na madirisha makubwa akayaepusha na upande unaoleta ukungu na baridi ya Julai. Ramani ilihitaji sahihi. Ofisini alikuwa amefika kijana aliyemaliza chuo kikuu na kusajiliwa. Akasema, "Mzee, sitii sahihi kwenye kilima nisichokiona."

Tukapanda naye. Gari lilikataa mlimani, tukalisukuma. Kijana alitembea uwanja mzima, akauliza maji ya nyuma ya kuta za chini yatatokea wapi. Mjomba alikuwa ameacha matundu machache. Kijana akaonyesha kwa hesabu kwamba udongo ukilowa ungezisukuma, akaongeza mfereji wa kokoto na kuunenepesha ukuta. Kisha mjomba akamwonyesha mahali ambapo mvua za Novemba hutoboa chemchemi, mahali pakavu kabisa siku hiyo. Darasa moja likahamishwa. Walibishana hadi jioni, na sijawahi kuona watu wawili wakifurahia ubishi kiasi hicho.

Shule ilipofunguliwa, kibao kilitaja mgeni wa heshima na msanifu. Msanifu ni kijana. Alitaka majina mawili yaandikwe, akaambiwa sheria haimruhusu. Mjomba alipiga makofi pamoja na wengine.

Alistaafu akarudi nyumbani, akachora maduka na nyumba za walimu kwa miaka mingi. Kwenye kibao chake aliandika "Mchora Ramani", basi. Mwaka 1995 nilimsomea gazetini kwamba tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote za usanifu, imekwenda kwa Tadao Ando wa Japani, aliyewahi kuwa mpiga ndondi, ambaye hakusomea usanifu chuo kikuu. Japani mtu asiye na shule ya fani aliweza kukalia mtihani wa leseni ya daraja la pili baada ya kufanya kazi miaka 7, kisha akapanda hadi la kwanza. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. "Mama," akaniambia, "hao waliuliza anajua nini." Kisha akauliza kama chai iko tayari.

Nimeishi kuona mengi yakibadilika. Fundi wa Nunguni leo anaweza kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na serikali inazungumza juu ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Kule California anayetimiza miaka 8 ya mafunzo na kazi na kufaulu mitihani anaweza kupata leseni bila shahada ya usanifu. Kwetu Bodi bado inaanza na shahada, na Bodi yenyewe ina mitihani yake ambayo hata wenye shahada huanguka.

Basi naiomba Bodi hivi: fanyeni mtihani huo mgumu mtakavyo. Ulizeni juu ya udongo, moto, sheria, gharama. Mtakeni mtu alete ramani za miaka kumi na tano na msanifu aliyesajiliwa wa kumdhamini. Lakini mchora ramani anayetimiza hayo yote, mruhusuni aketi ajaribu, na akianguka aanguke kwa kukosa majibu.