M ya Kilimanjaro

Wageni wanne kutoka Ujerumani walitua KIA usiku, wakiwa wameshalipa kila kitu. Sisi hatukuwa tumepokea hata senti. Ilikuwa Januari 2024, msimu umepamba moto, na asubuhi yake wapagazi, wagumu kama tunavyowaita, walikuwa wanasubiri mizigo lango la Machame.

Baba wa familia ile alinipa simu yake pale mapokezi. Invoisi ilikuwa na nembo yetu, bei zetu, hata salamu ya dada wa bukingi mwishoni. Akaunti tu ndiyo ilikuwa ya nchi nyingine. Nikaisoma anwani ya barua pepe mara tatu, sikuona kitu. Mara ya nne nikaikuza kwa vidole. Kwenye neno Kilimanjaro, ile m haikuwa m. Ilikuwa r na n zimebanana.

Kampuni ni ya kupandisha wageni mlimani, na idara yake yote ya usalama wa mifumo ni mimi. Printa ikigoma, ni mimi. Kamera ya getini ikifa, ni mimi. Niliwahi kuomba barua pepe ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili, nikaambiwa tungoje msimu uishe, maana sanduku la bukingi linatumiwa na watu wanne na hakuna anayetaka kukimbizana na simu moja yenye namba za kuingilia. Msimu ukiisha Moshi, hela nayo huwa imeisha.

Bosi akaamua wageni wapande. Ada ya hifadhi peke yake wakati ule ilikuwa dola 70 kwa mgeni kwa siku, kabla ya VAT, na safari yao ilikuwa ya siku saba. Sijataja kambi, chakula wala posho. Wao wakaondoka kwenda Machame, mimi nikabaki na kompyuta.

Ndani ya sanduku la bukingi nilikuta kanuni ndogo ambayo hakuna kati yetu aliyeiweka: kila barua inayotaja malipo itolewe nakala, ipelekwe nje. Ilikuwa na siku tisa. Siku tisa mtu amekaa humo akijifunza tunavyowasalimia wageni. Na humo hamkuwa na invoisi tu. Kulikuwa na nakala za pasipoti, bima, na fomu za afya ambazo wageni huandika presha zao na dawa wanazomeza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imeanza kutumika tangu Mei 2023. Bosi, ambaye hakuwahi kuniuliza habari za sheria hiyo, jioni ile aliniuliza kama atafungwa.

Tuliripoti polisi. Benki ikajibu kwamba fedha zilishatolewa. Wiki mbili sikupata usingizi wa maana. Nikiwa kwenye daladala ya Kibosho simu ikitetemeka mfukoni, tumbo linakata.

Kisha jioni moja dada wa bukingi aliingia, akafunga mlango. "Kaka, mimi nilijua siku ileile."

Alikuwa ameletewa ukurasa ulioigiza ule wa kuingilia barua pepe, akaandika paswedi, ukurasa ukapotea. Akaelewa hapohapo. Akanyanyuka aje kuniambia, akapita kwenye printa, akasoma tangazo: atakayebonyeza viungo vya kihuni, jina lake litafika kwa mkurugenzi. Tangazo nililiandika mimi, kwa wino mwekundu, na nilikuwa nalionea fahari. Akarudi kukaa.

Wadukuzi waliiba siku ya kwanza. Nane zilizobaki niliwapa mimi.

Kesho yake nikalibandua tangazo. Nikachuma jani la isale uani kwa mama, nikaliweka juu ya kibodi ya dada yule, maana kwetu Uchagani ukiletewa isale hukatai kusamehe. Alicheka mpaka akatoa machozi: "Kaka, isale linatumwa na mzee, halitupwi juu ya kibodi!" Akalitia kwenye chupa ya maji. Liko dirishani hadi leo, limetoa mizizi.

Hatua mbili tukaziweka msimu ukiwa katikati, na kila mmoja wa wale wanne wa sanduku la bukingi akapewa njia yake ya kuingilia. Wageni tunawaambia tangu barua ya kwanza kwamba akaunti yetu haibadiliki. Wakiambiwa imebadilika, wapige simu. Juu ya printa sasa kuna namba yangu tu. Pesa hazikurudi.

Mwezi uliopita, saa tatu usiku, mwongoza wageni mmoja alinipigia kutoka Horombo. Ni mita 3,720 kule. TTCL ilifikisha intaneti mwaka 2022, na matapeli wakapanda nayo.

"Kaka, nimebonyeza kitu."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Chai yangu bado ya moto, na unajua huku inavyopoa."

Nikavuta kompyuta.