Tunakwenda kwa Nani?

Wasomaji wa jarida hili wanalifahamu vyema neno masurufu. Wengi wetu tumelitilia sahihi katika ofisi za fedha za vyuo tulipokuwa tukijiandaa kwenda makongamanoni. Kamusi hutukumbusha kwamba maana yake ni fedha au vyakula vya matumizi ya safarini, na kwamba lina ndugu yake, pamba, yaani chakula anachofungiwa msafiri ale njiani. Hivi leo la kwanza limehamia ofisini na la pili limefunikwa na pamba ya shambani na ya hospitalini. Mtu anayetaka kufunga mizigo yake kwenda kustarehe hana budi kuyarejesha yote mawili nyumbani.

Nasema kustarehe kwa makusudi, kwa kuwa safari ya namna hiyo ina shida yake. Mimi ni mzaliwa wa Sironga, karibu na mji wa Nyamira, mahali ambapo wengi hupajua kwa jina la shule yake ya upili ya wasichana. Kwetu ni nyanda za juu, majani chai na migomba, na mvua isiyokawia kurudi. Watu wa kwetu husafiri sana. Huenda matangani, huenda kuposa, humpeleka mtoto shuleni, humuuguza mgonjwa Kisii au Eldoret, hutafuta riziki Nairobi. Katika kila safari ya hizo kuna mtu anayewangoja, na mzigo hufungwa kwa ajili yake: mkungu wa ndizi, unga wa wimbi, maparachichi, pengine kuku aliyefungwa miguu. Safari ya kwenda kutazama tu na kurudi haina jina kijijini.

Kwa hiyo nilipomwambia mama, mwezi wa Desemba 2024, kwamba ningependa twende sote pwani kwa siku nne, swali lake la kwanza lilikuwa ni nani amefariki. (Kwa Ekegusii mama yangu namwita baba, jambo ambalo wenzangu wa Mombasa hawajaacha kulicheka, lakini hapa nitamwita mama ili msomaji asipotee.) Nilipomjibu kwamba hakuna msiba, aliuliza la pili: 'Tunakwenda kwa nani?' Nikamwambia hatuendi kwa mtu, tunakwenda baharini. Alinyamaza, akaendelea kuchagua maharagwe. Kesho yake asubuhi akaniuliza: 'Na hiyo bahari tutaipelekea nini?'

Sikuona ajabu. Hata maandishi yetu ya safari yamejaa watu waliokwenda kwa shughuli. Katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka wa 1901, yumo Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia mwaka wa 1896. Alikwenda huko akiwa mtumishi wa Mjerumani. Tippu Tip alifika Kongo kwa ajili ya pembe za ndovu. Wapagazi waliobeba pembe hizo hawakuulizwa kama wangependa kupumzika watazame mandhari. Neno safari lilipoingia katika Kiingereza likawa la starehe za wageni, ilhali kwetu limebaki la kazi na msiba.

Upinzani mkubwa haukutoka kwa mama. Ulitoka kwa ami yangu mmoja, aliyetaka kujua kwa nini fedha hizo zisiezeke upya jiko linalovuja. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Fedha zilikuwa akiba yangu ya kufundisha vipindi vya jioni, pamoja na sehemu ya bonasi ya chai ambayo mama alishikilia kuchangia. Nilimjibu kwa adabu kwamba paa litaezekwa hata mwakani, ila magoti ya mama hayatakuwa mapya mwakani. Ana miaka 63, amechuma chai tangu usichana wake, anameza dawa za shinikizo la damu kila siku, na alikuwa hajaiona bahari ila katika ramani za vitabu vyangu. Namshauri yeyote anayepanga safari ya aina hii ayamalize maneno kama hayo mapema, kabla ya kukata tikiti. Anayeondoka huku nyumba imenuna hubeba mzigo usioingia begini.

Wakati nao huchaguliwa. Watu wengi wa bara hushuka pwani Desemba, vyumba vikapanda bei na tikiti zikaadimika. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Januari 2025, shule zikiwa zimefunguliwa. Ndiyo majira ya kaskazi: jua kali, mvua hakuna. Anayekwenda Mei hukutana na masika, na fukwe hujaa mwani. Tazama pia kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani si wakati mbaya wa kuzuru Mji wa Kale, kinyume na wanavyodhani wengi, kwa maana usiku wake huchangamka. Lakini mchana migahawa midogo mingi hufungwa, na mgonjwa anayepaswa kumeza dawa pamoja na chakula lazima awe na mpango wake.

Kisha tazama mwezi wenyewe, ule wa mbinguni. Wanafunzi wa Kiswahili tumekariri maneno bamvua na maji mafu kwa ajili ya mitihani, na wengi wetu tuliozaliwa bara hatujawahi kuyaona. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya nyakati hizo kupanda na kushuka kwake ni kwa kiasi. Mwezi ulikuwa umezaliwa upya Januari 29, nasi tukapata bamvua. Asubuhi, karibu na adhuhuri, bahari ya Bamburi ilikuwa imerudi nyuma mbali sana, mama akawa anatembea mahali ambapo jioni ya jana yake palikuwa na kina cha kumzamisha mtu. Alivaa viatu vyake vya plastiki vya kuendea majani chai. Nilivipakia mimi, na sijaona kiatu kifaacho zaidi kwa miamba yenye ncha na viumbe wa miiba. Msomaji asinunue vya fahari.

Kuhusu fedha, kanuni yangu ni moja: nauli ya kurudi hulipwa kwanza. Nauli ya treni ya Nairobi hadi Mombasa katika daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, kwa hiyo sisi wawili, kwenda na kurudi, tulilipa 6,000, na nikazikata zote kwa simu kabla hatujatoka Sironga. Baada ya hapo, lolote litakalotokea, mtu atafika nyumbani. Jina la tikitini lilingane na la kitambulisho cha taifa. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau na cha Mombasa kiko Miritini. Vyote viwili viko mbali na katikati ya mji, na nauli ya matatu ya kuvifikia huwa haimo katika hesabu za wengi. Tena mizigo hukaguliwa kwa mashine na kwa mbwa kabla ya kuingia, hivyo ni vyema kufika saa moja na zaidi mapema. Kisu cha mama cha kumenyea mananasi kilibaki Nairobi kwa binamu yangu, kwa kuwa vyombo vyenye makali haviruhusiwi. Tulilala kwa binamu huyo usiku mmoja. Kutoka Nyamira kupitia Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu ni safari ya siku nzima, na si haki kumtoa mtu wa umri ule katika matatu ukamtia moja kwa moja katika treni.

Sasa mizigo. Tulikuwa na begi moja la nguo kwa watu wawili, shanta yangu, na kikapu cha mama. Dawa zilikaa katika kikapu miguuni pake, wala si katika buti la gari. Zilikuwa za siku nne na nyingine za siku tatu za tahadhari, ndani ya pakiti zenye jina lake. Sweta moja kila mmoja, ya Mai Mahiu. Nguo nyingine ziwe za pamba, kwa kuwa za nailoni hushika mwili katika joto lile. Leso mbili za jozi hutosha kuwa shuka, taulo, pazia la dirisha, na vazi la heshima la kupitia mitaa ya Mji wa Kale. Chandarua tulikiuliza kabla ya kulipia chumba. Sisi wa nyanda za juu tusijidanganye kuhusu malaria, na anayeshikwa na homa hata majuma mawili baada ya kurudi amwambie daktari kwamba alikuwa pwani.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika fukwe, misitu na mbuga zilizohifadhiwa. Wasafiri wengi bado hulalamika kwamba hawajui wafungie nini nguo zilizolowa. Mama alilitatua bila hotuba: alichukua kopo tupu la mafuta ya kupikia, lenye kifuniko, akalitia chini ya kikapu. Maji ya kunywa tuliyabeba katika chupa ya chuma, na chai ya kwetu katika chupa ya chai.

Jambo tulilobishana ni unga. Alifunga kilo nne za unga wa wimbi katika mfuko wa kitambaa. Nikamweleza kwamba tunakwenda kulala katika nyumba ya wageni, tutalipa, hatuna mwenyeji. Akaniambia mtu haingii mji wa watu mikono mitupu, na kwamba mwenyeji huonekana ukifika. Tukakubaliana kilo mbili.

Mwenyeji alionekana siku ya pili. Karibu na tulipolala palikuwa na mama mmoja aliyeuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Mama yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, alimsalimu kwa 'Habari yako, dada,' naye akajibu kwa salamu ndefu iliyoteremka ngazi baada ya ngazi, za nyumbani, za watoto, za safari, mpaka mama akashindwa kuifuata akaanza kucheka. Mimi niliyesomea lugha hii kwa miaka saba sikuwa mwepesi kumshinda. Unga ukatolewa. Siku ya tatu tulipewa mahamri bure na chupa ya achari, na mama akakalishwa kwenye kigoda jikoni kufundishwa kukuna nazi kwa mbuzi. Nilikuwa nimepanga asubuhi ile twende Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593. Tulikwenda alasiri. Ratiba ya starehe iwe na nafasi ya kuvurugwa. La sivyo itakuwa programu ya kongamano.

Siku ya nne tuliamkia Gedi, mji ulioachwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu, takriban kilomita 16 kusini mwa Malindi, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024. Nilidhani nitamfundisha. Nilimwonyesha kaburi lenye mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Akakaa kwenye kivuli, akalitazama kwa muda, kisha akauliza kama watu wa huyu bwana bado huja kumpalilia. Sikuwa na jibu la kitaaluma. Tulibaki pale hadi joto likapungua, na sikutoa daftari.

Begi la kurudi lilikuwa jepesi kuliko la kwenda, jambo lisilowezekana katika safari za Gusii. Nafasi ya unga ilichukuliwa na achari, halua na kashata. Makombe ya baharini tuliyaacha yalipo. Chupa ya chai, iliyoshuka na chai ya Nyamira, ilipanda ikiwa imejaa maji ya bahari, kwa maana nyanya yangu, yaani magokoro, alitaka kuhakikisha mwenyewe habari za chumvi. Ami alionja pia. Alitema, akaonja tena, akauliza nauli ni kiasi gani.

Mama sasa anazungumzia Uganda. Nimemweleza kwamba tangu mwaka wa 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa, na kwamba nitahesabu masurufu kwanza. Wimbi ameshauanika.